Kusasisha kivinjari hakutoshi: hitilafu ya libwebp na picha zenye sumu

Faili la picha ni baiti tupu zinazoieleza programu upana, urefu na namna rangi zilivyobanwa. Hatari huanza programu inapoziamini namba hizo bila kuzihakiki. Chukua picha ya pikseli 32,768 kwa 32,768, kila pikseli baiti nne: jumla ni 4,294,967,296. Namba hiyo haiingii kwenye biti 32, kwa hiyo hesabu inarudi sifuri. Programu inatengewa kipande kidogo cha kumbukumbu, kisha inaanza kumwaga rangi juu ya data isiyo yake. Kama ndani ya data hiyo kuna anwani ya msimbo unaofuata kutekelezwa, mshambuliaji ameshika usukani.

Kosa la GDI+, maktaba ya michoro ya Windows, mwaka 2004 lilikuwa la ukoo huohuo. Sehemu ya maoni ndani ya JPEG hutaja urefu wake, ukijumlisha baiti mbili za urefu wenyewe, kwa hiyo haiwezi kuwa chini ya 2. Mtu akiandika 0 au 1, programu ikatoa 2 bila kuuliza, matokeo hasi husomwa kama namba kubwa mno.

Hitilafu iliyosajiliwa kama CVE-2023-4863 ni ya ujanja zaidi. Iko kwenye libwebp, maktaba ambayo programu nyingi hutumia kusoma picha za muundo wa WebP, upande wa WebP isiyopoteza ubora, ambako data hubanwa kwa misimbo ya Huffman (thamani zinazojirudia sana hupewa misimbo mifupi). Ili kuisoma haraka, maktaba hujenga majedwali ya ngazi mbili, na ukubwa wake ulikuwa umepigiwa hesabu mapema kwa kudhani kwamba mti wa misimbo ni halali. Faili la hila huleta mti usio halali. Jedwali la ngazi ya pili linavuka mpaka, na ukaguzi wa uhalali unakuja wakati uandishi umeshafanyika. Libwebp ilikuwa ikijaribiwa kwa faili za nasibu kwa miaka, na bado hili lilipenya, kwa sababu kulifikia kunahitaji misimbo iliyopangwa kwa makusudi.

Kiraka, yaani sasisho la kuziba hitilafu, kilitoka Septemba 2023: libwebp 1.3.2, na Chrome 116.0.5845.187 kwa Mac na Linux. Wengi waliishia hapo, na hapo ndipo walipokosea. Programu za mezani zilizojengwa juu ya Electron, mfumo wa kutengeneza programu kwa teknolojia za wavuti, hubeba nakala yao wenyewe ya Chromium (msingi wa Chrome), kwa hiyo kila moja inahitaji sasisho lake.

Kwenye Linux, sasisha kifurushi cha libwebp, kisha endesha `lsof | grep libwebp`. Mstari wenye neno DEL ni programu ambayo bado imeshikilia nakala ya zamani kwenye kumbukumbu. Izime na kuiwasha upya. Usihukumu kwa namba ya toleo peke yake: Debian 12 ilibaki na 1.2.4, ila imetiwa kiraka. Na `find / -name "libwebp*"` haioni maktaba iliyounganishwa ndani kabisa ya programu; huko itabidi usome taarifa za mtengenezaji.

Kuchuja kwa kiambishi cha jina la faili ni kazi bure. Programu nyingi hutazama baiti za mwanzo: RIFF na WEBP, au FF D8 FF kwa JPEG. WebP iliyopewa jina la .jpg itasomwa kama WebP. Wala si lazima mtu abofye, kwani kijipicha cha onyesho kwenye folda au kwenye ujumbe kinatosha kuamsha kisomaji.

Wenye seva zinazopokea picha za watumiaji, kagueni upana na urefu kabla ya kusoma pikseli, kataeni miundo msiyoihitaji, na kazi ya kubadili picha ifanyike kwenye mchakato uliotengwa: bila mtandao, bila ruhusa ya kuandika nje ya folda yake, na wenye kikomo cha kumbukumbu na muda. Kwa ImageMagick, programu ya kubadili picha kwenye seva, zimeni njia zake za kusoma MVG, MSL, URL na HTTPS kwenye faili lake la kanuni, policy.xml, hizo ndizo zilizotumika kwenye mashambulizi ya 2016. Mchakato huo ukiporomoka mara kwa mara kwa faili lilelile, msilifute. Liwekeni kando mlichunguze.