"Haya" ya baba mkwe

Ijumaa, saa tano usiku. Nilisema siandiki tena mpaka nimalize kusahihisha mitihani ya Fomu Tu, ila kuna neno limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolitoa hapa nitaenda kumtolea Baba Zawadi, ambaye kashanambia mara mbili kwamba mzee hakuwa na maana yoyote mbaya. Neno lenyewe ni "haya".

Mzee yuko kwetu tangu wiki jana, kaja huku Mwanza kutoka kisiwani Ukerewe kwa ajili ya jicho (Jumanne wamemtoa ule mtoto wa jicho, limeenda vizuri, tunashukuru), na siku za kwanza hakusema kitu chochote kuhusu lupu. Mnaoijua mnaijua, ile antena yangu ya redio, fremu ya mbao ya msalaba, waya wa feni mbovu raundi sitini na kitu, imeegemea tenki la maji kule uani. Alikuwa anaiangalia tu kila akipita kwenda msalani, anaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe asiyetaka kumnunua. Jumapili jioni nimekaa nayo na hedifoni kichwani, akavuta stuli.

"Mama Zawadi, hilo tanzi la kunasia nini?"

"Redio baba."

"Inashika stesheni gani?"

"Haishiki stesheni baba. Inashika radi."

"Radi ya wapi?"

"Hii ya sasa... nadhani ya Kongo."

"Unadhani."

"Ndiyo baba. Inaonyesha mstari tu. Inaweza ikawa Kongo, inaweza ikawa huku Serengeti. Mbele na nyuma haitofautishi."

Akatafuna muhogo wake taratibu mpaka ukaisha. Afu akauliza, bila kejeli hata kidogo, na hapo ndo pabaya: "Sasa radi ikishapiga, kuisikia kuna kazi gani?"

Nikanyamaza.

"Haya," akasema, akanyanyuka na stuli yake.

Sasa nyie mnajua "haya" ziko nyingi. Iko ya kukubali, iko ya kumharakisha mtoto avae viatu, iko ya muuza nyanya akiona hutaongeza bei, na iko ile ya mtu mzima akishaona hapa hakuna kitu ila hataki kukuaibisha. Ya mzee ilikuwa fupi, ya kushuka. Nimeirudia kichwani jikoni, nimeirudia kwenye daladala, Jumatatu nimeirudia nikiwa nimesimama mbele ya Fomu Srii nafundisha mawimbi, na siku hiyohiyo mkuu wetu wa shule kaagwa kahamishwa, watu wanalia, mimi najiuliza ile "unadhani" aliisema akiniangalia mimi au akiangalia lupu.

Na majibu ninayo! Ndo kinachoniuma. Mkwe hajibizani na baba mkwe, sawa, ila kueleza siyo kujibizana, ningeeleza tu. Ningemwambia baba, radi yenyewe ni stesheni. Kila ikipiga inatoa mawimbi ya redio ya chini sana, kilohezi tatu mpaka thelathini na hata chini ya hapo, na mengine yako palepale kwenye namba ambazo sikio la mtu linasikia, kwa hiyo huhitaji hata redio yenyewe, ni waya, kiamplifaya kidogo na hedifoni basi. Ningemwambia mawimbi hayo ni marefu ajabu, la kilohezi kumi lina kilomita 30 kutoka tuta mpaka tuta, yani hapa mpaka zaidi ya nusu ya njia ya kwake Nansio, mji wa Ukerewe, na yanakimbia katikati ya ardhi na lile paa la juu angani (ayonosfia, tabaka la hewa yenye chaji za umeme), kilomita 70 hivi mchana na karibu 90 usiku, kama maji kwenye bomba. Ndo maana kwenye laptop naiona stesheni ya jeshi la majini kule Exmouth, Australia, kilohezi 19.8, wati milioni moja, kama kilomita 9,000 kutoka Mwanza, inaongea na manowari zilizo chini ya maji. Jua likichomoza mstari wa nguvu yake unashuka kidogo unapanda, jioni tena hivyohivyo, na jua likilipuka mchana mstari unaruka ghafla. (Ndiyo, ule mlipuko wa jua wa X9 (X ndo daraja la juu kabisa) wa tarehe 3 Oktoba 2024, saa tisa na dakika kumi na nane alasiri, nilioukosa kwa sababu mtu fulani wa humu ndani alichomoa laptop achaji simu. Nimesamehe. Sijasahau.)

Lakini hebu niwe mkweli. Hata ningeyasema yote hayo, swali lake lingebaki palepale. Mzee kavua dagaa miaka arobaini usiku wa giza, na hilo ziwa Victoria hapo usiku ndo linatengeneza radi, maana nchi kavu inapoa, upepo unashuka kutoka pande zote kwenda kukutana katikati kwenye maji ya uvuguvugu, kufika alfajiri mawingu yamesimama kama ukuta. Amewazika watu wa mtumbwi wake mwenyewe. Afu mkwe wake mwalimu wa fizikia anamwambia kwa furaha anaisikia radi ya Kongo. Jamani. Kabare huko Kivu Kusini inashika namba mbili duniani kwa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, utafiti wa 2016 uliipa mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, namba tamu kweli, nilikuwa nimeiandaa kabisa nimwambie Jumatatu asubuhi na chai. Nikaitazama chai, nikaitazama ile namba, nikasema shikamoo baba, umelalaje.

Nilikasirika pia, siyo nilihuzunika tu. Kwani mpira una kazi gani? Mbona Baba Zawadi anaangalia timu ya watu wengine dakika tisini na hakuna anayemuuliza. Krismasi iliyopita nilikaa tangu saa nne na nusu asubuhi kuitafuta stesheni ya SAQ ya Grimeton kule Sweden, kilohezi 17.2, ile mitambo ya mwaka 1924 inayotengeneza redio kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi, haina hata valvu moja ndani (zile taa za redio za kizamani), wanaiwasha mkesha wa Krismasi wanatuma salamu kwa msimbo wa Morse. Sikusikia kitu, ni radi tupu, pilau likaungua, na bado naihesabu kati ya asubuhi nzuri za mwaka. Hiyo nayo ina kazi gani. Haina. Haya.

Basi Jumatano.

Saa mbili usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Wengine wanaguna, mimi mnanijua, nakimbilia uani. Umeme ukiwepo lupu inasikia mngurumo wa nyaya, chaja za watu, mabalbu, frija ya jirani. Ukikatika ni kama mtu kafunga mlango wa baa. Nikakuta mzee kakaa kwenye stuli yake gizani, jicho lina bandeji, hajalala. Akasema, "Leta niisikie hiyo Kongo yako."

Nikamvalisha hedifoni juu ya kofia. Nikaanza kueleza, akanyoosha kiganja, ninyamaze. Nikanyamaza. Akakaa, nadhani dakika kumi na tano, labda na zaidi, kainamisha kichwa kama anavyosikiliza mashine ya boti. Mchana zinatatarika tu kama mafuta ya kukaangia, ila usiku zinabadilika, zinakuwa na sauti ya ndege mdogo, piu, piu, kwa sababu chini ya kilohezi 1.7 hivi bomba la angani haliyapitishi mawimbi vizuri na yaliyo karibu na hapo yanachelewa kufika. Mimi hilo nilisoma. Tena nilisoma mara tatu ndo likaingia.

Mzee akavua upande mmoja wa hedifoni. "Hizi zinazokatika pwa, ziko karibu. Hizi zenye mkia zinatoka mbali. Mkia ukiwa mrefu, mbali zaidi."

Sikumwambia. Naapa sikumwambia. Nikabaki nimeshika tochi kama mtoto.

Nikauliza kajuaje, akasema hata muungurumo wa kawaida uko hivyo, ya karibu inapasua, ya mbali inaburuza, kwani na huku kuna tofauti gani? (Ipo tofauti, ule ni mwangwi na hewa, huu ni mambo mengine kabisa, ila nani aseme.) Afu akarudi kwenye lile la mstari, kumbe na yeye lilikuwa halijamtoka. "Juzi umesema tanzi halijui mbele na nyuma." Ndiyo baba. "Mimi nikitega nyavu usiku, natumia mlima mmoja kuzijua zilipo?" Hapana baba. "Nachukua mlima na mti. Mlima peke yake unakupa mstari. Sasa kwa nini una tanzi moja?"

Jamani mimi hicho kitu nakifundisha. Nakichora ubaoni, pembe mbili na msingi wake, mtihani wa Taifa unakiuliza. Na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, tanzi la pili liwe mbali, mistari ikatane, ndivyo wanavyofanya na kwingine, wapo wenye vituo dunia nzima wanapima radi kwa mawimbi hayahaya, wao hata hawapimi mstari, wanapima nani kasikia kwanza. Ila halikunijia kama jambo la kufanya mimi, Mwanza, na waya wa feni.

"Lingine lifungwe Nansio," akasema, "kwa Kasimu, ana sola."

Na mimi kwa ualimu wangu nikafungua mdomo nikaharibu. Nikasema baba, kutoka hapa mpaka Nansio ni kama kilomita 50 tu, Kongo iko mamia ya kilomita, mistari yote miwili itakuwa karibu sambamba na lupu yangu yenyewe inakosea nyuzi kumi, itatuambia radi iko Kivu au iko baharini Atlantiki.

Akavaa tena hedifoni. "Haya," akasema.

Na hii sikuijua ni ipi! Gizani sikumwona uso, na nusu ya uso ni bandeji.

Saa nane usiku ndo nikaamka. Kongo? Nani kauliza Kongo? Kongo niliileta mimi. Yeye shida yake ni radi ya ziwani, kilomita 40, 60, 80, na kwa umbali huo msingi wa kilomita 50 unatosha kabisa, hata ukikosea nyuzi kumi unajua iko upande wa kisiwa au upande wa Mwanza, inasogea au inaondoka. Kuna shida ya saa, lazima mbili hizo zikubaliane kwamba ni radi ileile, na usiku wa radi nyingi ni vurugu, na mtumbwini nani atapelekewa habari na kwa simu gani, yote hayo sijayatatua na mengine sitayatatua. Na bado ni radi iliyoshapiga. Lakini ya saa nane ikishapiga pale, ya saa tisa inakuja wapi? Nilitaka kumwamsha Baba Zawadi. Nilimwamsha. Alisema "haya", ile ya usingizi.

Asubuhi nikampelekea mzee chai, nikamwambia baba, Nansio inafaa. Akasema anajua. Akaomba waya ukaangaliwe kwa wale mafundi wa kusuka mota, usinunuliwe mpya, ni ghali bure. Leo jioni kanishikia fremu nikipima mbao ya pili, Zawadi anauliza kama hili nalo litakaa bafuni kwake maana tenki lina upande mmoja tu. Dawa ya jicho ni matone mara nne kwa siku na nimemkamata anaruka ya mchana, anasema inawasha.

Ah, na mwenye nyumba kapiga simu mara mbili leo, sijapokea. Kodi nimelipa mpaka Januari. Huwa hapigi. Sijui anataka nini.