Siku moja na Canter ya karafuu: Chake, Mtambwe, Konde na kurudi

Saa 10 alfajiri. Machomane, mtaa wetu hapa Chake Chake, bado giza totoro. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika si muda mrefu, maana bati lilikuwa bado linadondosha. Kabla ya kuvaa viatu nilitoka nje pekupeku nikakanyaga udongo wa kando ya nyumba. Dereva wa mashamba hupima njia kwa unyayo. Udongo ukinata na kung'ang'ania vidole, basi huko Mtambwe vilima vimeshakuwa sabuni. Ulinata.

Mtu asiyeishi Pemba huitazama ramani akashangaa: kisiwa chenyewe kilomita 67 hivi kutoka ncha hadi ncha, safari ya kutwa nzima inatoka wapi? Na vilima vyenyewe havifiki hata mita 150. Ni kweli kabisa. Lakini upande wa magharibi wa Pemba ni kama kanga iliyofinyangwa mkononi: kilima, bonde la mpunga, kilima, bonde la mpunga. Hujamaliza kushuka ushaanza kupanda. Na huko ndiko iliko mikarafuu. Upande wa mashariki ni maweni na uwanda, gari inakwenda bila ya tabu, ila mkarafuu haukai juu ya jiwe. Unataka udongo wa kina na mvua, na udongo huo huo ndio unaotushika magurudumu. Kwa hivyo siye tunaobeba karafuu hatuhesabu kilomita. Tunahesabu vilima.

Utingo wangu alifika saa 11, mimi natoka kusali. Ni mtoto wa dada yangu, na hata tukiwa kazini ananiita mjomba. Tukaangalia maji ya rejeta, oili, breki, kamba, jembe, turubali. Turubali lilikuwa na tundu kwenye pembe moja, nililiona tangu wiki iliyopita. Nikasema nitalishona jioni. Neno hilo nalikumbuka mpaka sasa.

Kitu cha mwisho kupakia ni kigogo cha mvinje, urefu wa mkono. Hicho ndicho roho yetu kilimani. Gari ikipanda, utingo hutembea nyuma yake amekishika, ikisita tu anakitia chini ya gurudumu isirudi nyuma.

Njia ya Wete sina mengi ya kusema, lami nzuri, watu wanaelekea sokoni, moshi wa jiko unapita chini ya minazi. Bahanasa tukachepuka kuelekea Daya na Mtambwe. Huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji, ndiko mwaka 1984 waakiolojia walikofukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu, za miaka karibu elfu iliyopita. Kila nikipita huwaza kwamba utajiri wa kisiwa hiki umeanza kubebwa zamani sana, na kila zama ilikuwa na wachukuzi wake.

Saa 2 asubuhi tuliacha lami. Kutoka hapo hadi kiambo tulichokuwa tunakwenda ni kama maili tatu, na ndani ya maili tatu hizo mna vilima vitano. Cha kwanza na cha pili tulivipita kwa gia namba moja, pole pole, bila ya kugusa breki. Marehemu aliyenifunza udereva alinipa kanuni moja tu ya mashamba: kilima ulichokipanda kwa gia hiyo, kishuke kwa gia hiyo hiyo. Anayeshuka kwa breki tupu, ikichemka hana tena cha kumshika.

Cha tatu kilitukatalia. Tulifika zaidi ya nusu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale, matope mekundu yakiruka hadi kwenye mikarafuu ya kando. Nikasikia utingo anapiga kelele, "Mjomba, inarudi!" kisha mshindo wa kigogo chini ya tairi. Gari ikasimama imelala upande. Nilizima injini, nikabaki nimeshika usukani hivi, mguu unatetemeka juu ya klachi.

Nataka niseme jambo kuhusu watu wa vilima hivyo. Hatukuita mtu. Ndani ya robo saa walikuwepo kumi na wawili: vijana walioacha kuchuma, watoto waliokuwa njiani kwenda chuoni kusoma Kurani, kina mama wenye mikono iliyobadilika rangi kwa kuchambua karafuu usiku kucha. Kila mmoja amekuja na kitu. Makumbi ya nazi kwenye pakacha, makuti makavu, mawe. Bibi mmoja mtu mzima alisimama juu ya njia akatuongoza kwa fimbo, "Siyo hapo mwanangu, chimba upande wa bondeni kwanza." Tulichimba, tukajaza makumbi, nikawasha, ikasogea shubiri mbili, ikakwama. Tukachimba tena. Mara ya nne ndipo tairi ikayang'ata makumbi, gari ikapanda ikinguruma huku wote wanasukuma na kuitikia. Saa moja na nusu kwa kilima kimoja. Nilipotaka kuwapa chochote walikataa, kijana mmoja akasema, "Hiyo ni njia yetu, ami."

Saa 4 na nusu tukawa kiamboni. Yule bibi wa fimbo ndiye mwenye mzigo, kumbe alishuka kutupokea.

Karafuu zake zilikuwa zimeshajazwa kwenye polo nne, yaani magunia, kila moja kilo 50 hivi, midomo imeshonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi mwekundu ili zisichanganyike na za wengine. Ukiiona polo imeshonwa, ni rahisi kusahau imetoka wapi. Mchumaji kapanda mti ambao tawi lake halipindi, hukatika ghafla (msimu uliopita nilimteremsha kijana mmoja kwa gari hii hii, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, na kila shimo lilikuwa kilio). Kisha vishada vikaletwa nyumbani, vikachambuliwa kwa mkono usiku, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku. Kisha jamvini, siku nne au tano za jua, na vuli ndiyo hii: wingu likitanda, mbio kuanua, jua likitoka, mbio kuanika. Kilo tatu mbichi hubakisha kama kilo moja kavu. Bibi alichomoa punje moja akaivunja mbele yangu. Ikalia ka! Karafuu kavu husikika.

"Tatu ni za madeni na wachumaji," aliniambia. "Hii ya nne ni bati langu. Nyumba inavuja."

Tukapakia zake na za majirani wawili, mjukuu wake akapanda juu ya mzigo kwenda kuuza kwa niaba yake. Vilima vitano vile vile kurudi, na kwenye cha pili mvua ikatushukia. Si mvua ya kupita, mvua ya vuli ya kweli, huoni boneti yako. Nilisimama, tukalivuta turubali, tukafunga kamba. Ile pembe yenye tundu niliiweka upande wa nyuma kushoto nikaikunja mara mbili. Nikadhani imetosha.

Kituo cha kununulia tulikifika saa 7 kasoro. Foleni, mizani, mtu wa kupima unyevu. Za majirani zikapita. Za bibi, moja, mbili, tatu zikapita. Ya nne ilikuwa ndiyo iliyokaa nyuma kushoto. Mpimaji alitia mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akatoa gao la karafuu, akavunja moja. Haikulia. Ikapinda.

Haikuwa kosa la mpimaji, wala la bibi. Nilimwangalia mjukuu wake, kijana wa miaka kama 20, hakusema neno, alikuwa anahesabu tu noti za zile tatu, anazirudia. Nikamwambia ukweli: turubali lina tundu, nililijua, sikulishona. Nikamwambia ende kwa daladala ampelekee bibi pesa zake, polo ile niachie mimi, nitaianika na nitaiuza kwa jina lake, na isipofikia bei nitajaza mwenyewe. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, ami. Lakini mwambie weye kwa mdomo wako." Ana haki.

Kwa hivyo polo ile ikapanda mbele, kati yangu na utingo, ikasafiri nasi siku nzima kama abiria. Ndani ya kibanda cha gari harufu ilikuwa nzito hata macho yanawasha.

Chakula cha mchana tulikula Wete saa 8: wali, mchuzi wa changu, pilipili ya kusaga. Utingo alilala pale pale kwenye kiti kijiko mkononi. Nikamwacha dakika 20.

Konde ilikuwa kazi ya kupakia tu. Makonyo, magunia 40 na kitu, ya kupeleka kiwanda cha Wawi yakakamuliwe mafuta. Wengi hawajui kwamba hata kijiti cha karafuu kina thamani, hakitupwi. Tulimaliza saa 11 jioni, mgongo umekuwa ubao.

Njiani kurudi, upande wa Chwale, mzee mmoja akatunyooshea mkono. Kwa kuwa kiti kimekaliwa na polo, utingo alipanda juu, mzee akakaa mlangoni ameiegemea. Akainusa, akasema hii imelowa. Nikamweleza. Akanyamaza mpaka tukapita kilima kizima, kisha akanihadithia alivyohadithiwa na wazee wake: kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. "Upepo wa siku moja," akasema, "na sisi tunaubeba mpaka leo." Alishuka Ole akaniombea dua.

Kuanzia hapo ni giza. Vilima vya usiku si vya mchana. Taa za gari zinapiga mbinguni ukipanda, na ukifika juu hujui kilicho chini mpaka umeshaanza kushuka. Mara gari ya ng'ombe isiyo na taa, mara baiskeli yenye mzigo wa kuni. Mguu wa klachi ulikuwa hauhisi tena. Nilimwambia utingo aniongeleshe tu, chochote, akanisimulia mpira wa uwanja wa Gombani wa wiki nzima.

Wawi saa 2 usiku, tukashusha. Nyumbani saa 3 na nusu.

Mke wangu aliiona polo begani kwangu, hakuuliza. Alitoa vitanda vya watoto sebuleni, akatandika majamvi mawili, wanangu wakaamka wenyewe kwa harufu. Tukamwaga. Za juu zilikuwa nzima, za upande mmoja zimelowa kama shubiri mbili kwenda ndani. Tukazitenga kwa mkono, kavu huku, mbichi huku, watoto wakizivunja moja moja karibu na sikio kusikiliza zinazolia. Utingo alikaa mlangoni anashona turubali kwa shazia.

Saa 4 na dakika 10 nikampigia bibi. Nilianza kuomba radhi, akanikata.

"Ushafika? Ushakula?"

"Nimekula, bi mkubwa. Nataka nikwambie..."

"Mjukuu kanambia. Umezianika?"

"Nimezianika."

"Wapi?"

"Sebuleni, juu ya jamvi."

"Dirisha wazi?"

Nikamwangalia mke wangu. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Fungua dirisha," akasema bibi. "Na usizirundike, zitandaze mpaka uone jamvi chini yake. Usiku wa manane zigeuze. Unanisikia? Zigeuze."

Niliweka saa ya simu iniamshe saa 7 za usiku.