Uso wa Yule Tuliyemkosea

Ndugu zangu katika imani, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Juma hili nilikusudia kuandika juu ya toba kwa kuyapitia masharti yake moja baada ya jingine, kama tulivyofunzwa chuoni, lakini darasa letu la Jumatano baada ya Isha hapa Ngamiani lilinipeleka kwingine. Tulikuwa tukisoma Surat Yusuf, na kijana mmoja anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita akanyoosha mkono na kuuliza: "Maalim, hawa ndugu zake Yusuf ni wahusika bapa au wahusika duara?" Wazee wawili watatu walikunja nyuso, kwa kuona kwamba maneno ya somo la fasihi hayafai kutajwa mbele ya Kitabu. Mimi niliona ameuliza jambo zito, kwa sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe katika aya ya 3 ya sura hiyo anatuambia kwamba anatusimulia simulizi iliyo nzuri, na aliyepewa simulizi ana wajibu wa kuwatazama waliomo ndani yake, awaulize wameingiaje na wametokaje.

Kwa ambao hawakupitia somo hilo, mhusika bapa ni yule anayebaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa mwovu basi ni mwovu, na mhusika duara ni yule anayebadilika kadiri mambo yanavyomfika. Niliwaomba wanafunzi watafute aya ambayo ndugu hawa walibadilika, na tulikaa juu ya swali hilo mpaka taa za msikitini zikaanza kuzimwa.

Tulichokiona ni hiki. Katika aya ya 77, miaka mingi baada ya kumtumbukiza mdogo wao kisimani, wamesimama mbele ya Yusuf bila kumtambua, kikombe cha mfalme kimekutwa katika mzigo wa ndugu yake, na neno linalowatoka ni kwamba ikiwa huyu ameiba, basi nduguye naye aliiba zamani. Kumbe chuki ilikuwa bado mbichi, na yule waliyemdhulumu waliendelea kumchafulia jina. Lakini aya inayofuata, watu hao hao wanasihi: huyu ana baba mzee sana, basi mchukue mmoja wetu badala yake. Na aya ya 80 mkubwa wao anawakumbusha ahadi waliyompa baba yao kwa jina la Mwenyezi Mungu, na jinsi walivyokosa kabla ya hapo katika jambo la Yusuf, kisha anakataa kuondoka nchi ile mpaka baba yake amruhusu au Mungu amhukumie.

Ni aya tatu tu. Hawakuhubiriwa na mtu, wala hawakupigwa. Kilichosimama kati ya maneno yale machafu na ombi lile ni sura ya mzee aliyewangoja nyumbani, ambaye machozi yake walikuwa wamekwisha kuyaona mara moja na sasa wangelazimika kuyaona tena. Zamani walimjia jioni wakilia kilio cha uongo, na kanzu yenye damu ya uongo mikononi, na uzee wake haukuwazuia. Safari hii uzee ule ule ndio hoja yao ya kwanza.

Qur'ani ina jina kwa kitu kilichoamka ndani yao: nafsi inayojilaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Surat Al-Qiyama. Sisi kwa Kiswahili tunasema dhamiri, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kilichofichwa moyoni. Nadhani hapo ndipo tunapokosea katika mafunzo yetu, kwani tukisikia kwamba dhamiri imefichwa tunaichukulia kuwa ni jambo la mtu peke yake, mlango umefungwa, yeye na moyo wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Nawwas bin Sam'an, alieleza kwamba dhambi ni lile linalokereketa nafsini mwako na ukachukia watu wasije wakalijua. Nafsi na watu vimetajwa kwa pumzi moja.

Hapa Tanga tuna jirani yetu aliyelijua jambo hili. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliandika kisa cha Adili na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa kumwonea wivu. Jini Huria alimwokoa, akawageuza ndugu wale kuwa manyani, na akamwamuru Adili awachape kila usiku. Wengi wetu tulikisoma kisa hiki tukiwa watoto tukafurahia manyani na majini. Nimekirudia nikiwa mtu mzima na kilichonishika ni mjeledi. Usiku baada ya usiku unashuka juu ya migongo ya ndugu, mwenye kuushika akiumia kama wenye kupigwa, na haumrudishi yeyote katika ubinadamu. Waliporudi kuwa watu ilikuwa kwa kuombewa na kwa kusamehewa na yule yule waliyemzamisha. Nakiri kwamba majina yale yalinisumbua, maana mtu aliyeitwa Hasidi tangu ukurasa wa kwanza amefungiwa mlango kabla hajatenda lolote, naye mwandishi wetu alipenda sana majina ya namna hiyo. Ila mwisho wa kisa unavunja kufuli alilolitia mwenyewe, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hila zote za jini.

Sasa niseme juu ya filamu, ingawa najua baadhi yenu hamuipendi habari ya filamu katika tafakari. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam alikuja likizo na filamu ya Kiirani ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Asghar Farhadi, inayosimulia kutengana kwa Nader na mkewe Simin. Tuliitazama nyumbani, binti yangu wa miaka kumi na mbili akiwa ameketi kwenye mkeka pembeni yangu. Nader anamwajiri mwanamke mjamzito, Razieh, amtunze baba yake aliyepotewa na kumbukumbu. Siku moja anamkuta mzee ameachwa peke yake amefungwa kitandani, anamtoa Razieh nje kwa kumsukuma, na baadaye mimba ya mwanamke yule inaharibika. Mashtaka yanafunguliwa. Nader anamwambia hakimu kwamba hakujua kuwa ana mimba, na hakimu hana njia ya kumwumbua. Anayemwumbua ni binti yake Termeh, mwenye miaka kumi na mmoja, anayeunganisha maneno aliyoyasikia na kumuuliza baba yake ana kwa ana. Baba anaukiri ukweli mbele ya mtoto, ukweli ambao hakuukiri mbele ya dola. Kisha mtoto anaitwa kwa hakimu, naye anasema uongo ili kumwokoa baba, na ndani ya gari wakirudi analia kimya kimya. Sijui adhabu ya mahakama ambayo ingemfika mzazi kama machozi yale.

Na Razieh naye ana mtihani wake. Mumewe anaandamwa na wenye madeni, fidia imekubaliwa, hundi zinaandikwa mbele ya watu, na Nader anaomba jambo moja tu, kwamba aape kwa Msahafu kuwa ni msukumo ule uliomharibia mimba. Yeye siku moja kabla ya kusukumwa aligongwa na gari, kwa hiyo hana yakini. Mumewe anamsihi aape na dhambi iwe juu yake, lakini hakubali, na hofu anayoitaja ni kwamba balaa lisije likamshukia bintiye mdogo. Fedha zinapotea, na heshima ya mumewe mbele ya wale wadai inapotea pamoja nazo. Hata pale ambapo Mungu ndiye shahidi, uso uliomzuia mwanamke huyu ulikuwa pia uso wa mtoto.

Filamu ilipokwisha binti yangu alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza: "Baba, mbona Ba'mdogo haji kwetu tena hata Idd?"

Ndugu zangu, nawaeleza haya kwa sababu nimekuwa nikiwaandikia kila juma juu ya haki za watu, na hamna budi kujua anayewaandikia ni nani. Marehemu baba yetu alituachia shamba la minazi njia ya Pangani. Mimi ndiye mkubwa, hati nilikuwa nazo mimi, na kwa miaka minne niliuza nazi na kumwambia mdogo wangu kwamba mapato yote yanaishia kwenye palizi na mlinzi. Nilikuwa na hoja zangu, na kila hoja ilikuwa na nusu ya ukweli. Nilisoma aya za mirathi katika Surat An-Nisaa mbele yenu, nikizifasiri kwa sauti iliyotulia, na moyo haukunikereketa kiasi cha kunikosesha usingizi. Swali la mtoto lilinikosesha. Nilimjibu kwamba Ba'mdogo ana shughuli nyingi, naye akanitazama kama Termeh alivyomtazama Nader, nikatambua kwamba namfundisha kuutunza uongo wangu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilimpakia nyuma ya baiskeli tukaenda Makorora. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kuanzia, na kwa bahati mbaya yote yalikuwa maneno ya kujitetea. Mdogo wangu alifungua mlango, akamwona mtoto kwanza, akamwita kwa jina lile la utani alilompa alipokuwa mchanga, ndipo akaniona mimi. Sikupata kusema nililolitunga. Nilisema nimekudhulumu, na sauti ikanikatika hapo. Yeye hakutamka yale ya Yusuf ya "leo hapana lawama juu yenu," na sikustahili kuyatarajia siku ile, kwa kuwa miaka minne si kitu cha kufutwa mlangoni. Alisema niingie, akamwambia mkewe aongeze maji kwenye chai.

Kesho yake tulikwenda shambani sote watatu. Yeye alitangulia akiita idadi ya minazi safu kwa safu, mimi nikifuata nyuma, na binti yangu akiandika katika daftari lake la hesabu, akitusimamisha kila tulipokosea.