Mabomba matatu mezani: jinsi nilivyojifunza kuitunza thrombini

Kilichonikutanisha na dawa hii ni ugonjwa wa figo. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine huunganishwa ateri na vena mkononi, ili vena ile ipanuke na kuhimili sindano nene anazochomwa kila wiki, na mimi, muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Tanzania, nimemkabidhi daktari vifaa katika operesheni za namna hiyo kwa miaka kadhaa. Jeraha lenyewe ni dogo. Hata hivyo figo zikishindwa kazi, chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, nazo hudhoofika, na matundu ya uzi pale mishipa ilipounganishwa huendelea kuchuruzika ijapokuwa mshono umekaa vizuri. Dawa ya kwanza ni kukandamiza kwa gozi na kuwa na subira. Damu isipokoma ndipo tunapotafuta kitu cha kuigandisha.

Thrombini tuliipata katika sanduku la vifaa vya msaada: kichupa cha unga wa yuniti 5,000, unaoyeyushwa kwa mililita 5 za maji ya chumvi, hivyo kila mililita ikawa na yuniti 1,000. Ni kimeng'enya kinachoigeuza fibrinojeni iliyomo katika damu kuwa nyuzi za fibrini, na nyuzi hizo ndizo zinazolishika bonge la damu. Kazi yake huonekana haraka sana, nasi tuliipenda kabla hatujaijua.

Siku ninayotaka kuieleza, mezani kwangu palikuwa na mabomba matatu ya sindano ya ukubwa mmoja. Moja lilikuwa na lignokeini ya kutia ganzi, la pili heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, iliyochanganywa na maji ya chumvi kwa ajili ya kusuuza ndani ya mshipa, na la tatu thrombini. Yote matatu yalikuwa na kimiminika kisicho na rangi. Hayakuwa na maandishi. Niliyatambua kwa mahali nilipoyalaza, nikitegemea kumbukumbu kama nilivyofundishwa na walionitangulia, lakini katikati ya kazi nilisogeza vyombo ili kupata nafasi ya gozi zaidi. Daktari aliponyoosha mkono akiomba heparini, nilimpa bomba. Ncha ya mrija ilikuwa imekwisha kufika kwenye mdomo wa vena aliposita na kuniuliza, "Sista, una hakika hii ni heparini?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikakuta sina jibu. Mama aliyelala pale alikuwa macho, kwa kuwa tulitia ganzi mkono peke yake, akageuza kichwa kunitazama. Daktari akasema kwa upole, "Tumwage yote, tuanze upya." Tulimwaga yote, tukavuta dawa mpya, operesheni ikaisha salama. Sikujua kamwe bomba lile lilikuwa na nini.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilielewa ni nini kingeweza kutokea. Thrombini juu ya jeraha ni msaada. Ndani ya mshipa huigandisha damu inayotembea, na bonge hilo husafiri hadi moyoni na mapafuni. Mgonjwa anaweza kufa mezani. Tena heparini na thrombini ni dawa za kazi zinazopingana, nasi tulikuwa tumeziweka bega kwa bega katika vyombo vinavyofanana kama mapacha.

Kesho yake nilimwomba daktari na wauguzi wenzangu tukae. Kwa maoni yangu, jambo kubwa tuliloamua ni kwamba thrombini haivutwi tena katika bomba la sindano kwenye operesheni ya mishipa. Huyeyushwa na kumiminwa katika kibakuli kidogo, na ndani yake tunalowesha vipande vya sponji ya jelatini vilivyokatwa kwa mkasi, ambavyo daktari huvichukua kwa koleo na kuvibandika panapovuja. Kibakuli hakiwezi kuunganishwa na mrija wa mshipa, hata muuguzi akiwa amechoka kiasi gani. Kila chombo kingine chenye dawa huandikwa jina na nguvu yake mara tu kinapojazwa, si baadaye, na ninapokikabidhi nalitaja jina kwa sauti, naye daktari hulirudia.

Nilipoanza kusoma karatasi zinazokuja ndani ya visanduku, nilikuta nimekuwa nikikosea mengine pia. Nilikuwa nikilowesha kitambaa cha selulosi, ambacho nacho hubandikwa kukomesha damu, katika thrombini nikidhani nakiongezea nguvu, kumbe selulosi ile ina asidi, na asidi huiua thrombini. Yapasa kiwekwe kikavu. Jelatini nayo hunyonya na kuvimba, kwa hiyo katika nafasi finyu zilizozungukwa na mfupa, kama kwenye uti wa mgongo, inaweza kuibana neva na kumpoozesha mtu. Damu ikikoma, kipande kinachozidi hulowanishwa kwa maji ya chumvi na kuondolewa taratibu, maana ukikivuta kikavu unang'oa na bonge lenyewe. Kile kinachobaki ndani kwa makusudi huandikwa katika taarifa ya operesheni, la sivyo daktari mwingine akikiona kwenye picha ya CT anaweza kukidhania jipu.

Kichupa chetu kilitoka katika damu ya ng'ombe. Mwili wa binadamu unaweza kutengeneza kinga dhidi yake, na kinga hiyo ikashambulia pia protini zetu wenyewe za kugandisha damu, hasa fakta ya tano, kiasi cha mtu kuvuja damu vibaya anapopewa tena. Marekani dawa hiyo hubeba onyo lililozungushiwa fremu, na tangu mwaka 2008 huko wana thrombini ya binadamu inayotengenezwa maabara bila damu. Sisi hutumia tunachopata. Kwa hiyo katika orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo kila hospitali inaruhusiwa kuiongezea, tuliandika swali letu: je, mgonjwa amewahi kutumiwa thrombini ya ng'ombe? Akiwa amewahi, hatuitumii. Wagonjwa wetu wengi hawawezi kujua waliwekewa nini, kwa hiyo tangu hapo kila tunayempaka dawa hii naandika jina lake na chanzo chake katika kadi anayokwenda nayo nyumbani, na kabla hajaruhusiwa namweleza, pamoja na ndugu aliyemleta, amwonyeshe kadi hiyo daktari yeyote atakayempasua.