Jinsi nilivyosimamisha ukazaji wa hukumu ya gharama nikisubiri rufaa

Baada ya kushindwa kesi na kuamriwa nilipe gharama za upande wa pili, nilikata rufaa nikidhani kwamba rufaa yenyewe inazuia kila kitu. Siku chache baadaye dalali wa mahakama, yaani mtu anayekamata mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama, alifika akaanza kuorodhesha samani, hadi meza ninayoandikia. Kumbe katika mahakama ile rufaa haizuii ukazaji wa hukumu, yaani kutekelezwa kwake, mpaka itolewe amri mahususi.

Niliwasilisha maombi ya dharura, nikaambatisha nakala ya hukumu, notisi ya rufaa na hati ya kiapo. Kiapo changu cha kwanza kilikuwa dhaifu, kwa kuwa kilitaja tu "hasara kubwa". Wakili wangu alikirudisha, akataka nieleze hasara hiyo ni ipi, na kwa nini fedha zikishalipwa ingekuwa vigumu kuzirejesha hata nikishinda. Kwa maoni yangu, kilichoniokoa zaidi ni kujitolea kuweka kiasi chote mahakamani kama dhamana, maana hapo mpinzani alibaki na machache ya kulalamikia.

Amri ilitolewa kwa sharti hilo. Niliweka fedha kabla ya muda kwisha, kisha nikampelekea dalali nakala ya amri kwa mkono wangu, naye akatia saini ya kuipokea.