Nyongeza ya Kitunguu

Mwanangu wa mwisho, aliyezaliwa baada ya sisi kurejea, aliniuliza juzi mbele ya wageni kama ni kweli kwamba bibi yake aliwahi kugombana na Mzungu sokoni kwa sababu ya kitunguu. Nilimjibu kwamba hawakugombana, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kumweleza walichofanya hasa kungenilazimu nimweleze na St Albans yenyewe, na huo ni mji wa Uingereza ambao nililala ndani yake miaka mingi bila kuufahamu sawasawa.

Tulipanga pale kwa hesabu rahisi. Baba yao alikuwa akisomea udongo Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1843 pale Harpenden, stesheni inayofuata ukielekea kaskazini. Mimi kazi yangu ilikuwa London, dakika kama 20 kuelekea kusini ukiipata treni isiyosimama njiani. Majira ya baridi nilitoka gizani na kurudi gizani. Watalii walikuja kuutazama mnara wa saa uliojengwa kati ya 1403 na 1412, na kanisa kuu ambalo mnara wake una matofali yaliyochukuliwa katika magofu ya Verulamium, mji wa kale wa Warumi. Mimi nilichokijua ni njia ya kutoka stesheni hadi mlangoni kwangu, na sehemu ya jukwaa ambapo mlango wa behewa la nne hufungukia.

Ndipo Mama akaja kututembelea. Soko la pale hukaa Jumatano na Jumamosi, na meza zake hupangwa barabarani, St Peter's Street, mbele ya mabenki na maduka ya nguo. Jumamosi ya kwanza alinitaka nimpeleke, akajifunga khanga juu ya koti langu la zamani, tukaenda.

Alifurahi alipoona vitu havipimwi kwa mizani bali vimewekwa katika mabakuli, kila bakuli pauni moja, kwa maana hayo kwake yalikuwa mafungu tu, na mambo ya mafungu anayajua. Alisimama mbele ya meza ya vitunguu na nyanya. Hakuchagua bakuli lililokuwa karibu. Aliinama, akatazama la tatu kwa nyuma, akaingiza vidole chini kabisa kutafuta kilichooza, akavibonyeza vitunguu kimoja kimoja karibu na shina, huku foleni ikirefuka nyuma yetu na mimi nikitamani ardhi inimeze. Mwuzaji, mzee mwenye glavu zilizokatwa vidole, alimimina bakuli lile katika mfuko mwembamba wa plastiki na kunyoosha mkono apokee pesa. Mama hakutoa pesa. Alichukua kitunguu kimoja kutoka kwenye rundo, akakitia mwenyewe katika ule mfuko wa plastiki, akamtazama yule mzee usoni, akasema kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Niongeze, baba."

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini hakuna aliyenitazama. Mzee alikitoa kile kitunguu mfukoni, akakigeuzageuza kiganjani kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukiona, akakirudisha kwenye rundo. Mama hakusogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikohoa. Kisha mzee akachagua kingine, kikubwa kuliko kile, akakitia mfukoni, akaongeza na nyanya moja iliyopasuka kidogo, akasema jambo ambalo sikulisikia vizuri, na Mama akampa pauni yake kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa kupitia kanisa kuu kwa sababu alichoka na nilijua kuna viti. Mzee mmoja anayejitolea kuwatembeza wageni alitusimulia habari za Abati Richard wa Wallingford, aliyetawala monasteri ile kuanzia 1327 hadi 1336 na kubuni saa ya ajabu ya kuonyesha mwendo wa jua na mwezi. Mama hakuijali saa. Alichokishika ni kwamba abati huyo aliwanyang'anya watu wa mji mawe yao ya kusagia, ili wasage nafaka kwenye vinu vya monasteri tu na kulipia, kisha akayatandaza mawe yenyewe kuwa sakafu ya chumba chake cha maongezi. Mwaka 1381, wakulima wa Uingereza walipoasi, watu wa St Albans wakiongozwa na William Grindcobbe waliingia humo, wakayang'oa, wakayavunja, wakagawana vipande kama mkate wa kanisani. Grindcobbe alinyongwa mwaka uleule.

Mama amekulia Njombe, na alisaga ulezi kwa jiwe kabla mashine hazijafika kijijini. Alinitaka nirudie ile sehemu ya sakafu. "Alikuwa anayakanyaga?" aliuliza. Nilipomthibitishia, alitikisa kichwa na kusema kwamba kuyachukua angeweza kumsamehe, lakini si kuyakanyaga.

Tulipotoka nje aliuliza, "Na treni yako hiyo, usipoilipa, unayo nyingine?" Nilimwambia kwamba ipo reli ndogo, inaanzia stesheni ya pili kule chini ya mji na kuishia Watford, ambako mtu hubadilisha treni ya London, ila mwenye haraka ya kuwahi kazini hawezi kuitegemea.

"Basi hilo ndilo jiwe lako," alisema, "na hakuna abati aliyekunyang'anya."

Sijui mpaka leo kama alinitania au alinilaumu, maana hapohapo alianza kuulizia bei ya nyama. Jumatatu nilipanda ileile ya haraka, nikasimama njia nzima. Jibu lilinijia tukiwa tumeshaipita stesheni ya Radlett: kwamba abati wangu alikuwa kodi ya nyumba, na saa ambayo mtoto hutoka shuleni, na mwajiri asiyetaka kusikia neno Watford. Jioni nilimpa jibu hilo, naye akasema hakumbuki kuniuliza kitu.