Mpira mmoja mwembamba

Nimetoka gereji sasa hivi, hapa Nakuru, mikono bado inanuka mafuta.

Gari langu lina tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini. Tangu nifungiwe vali ya blo-ofu, inayotoa hewa ya tabo nikiachilia mafuta, halikuwa na raha. Kila nikiachilia mafuta kubadilisha gia, chini ya boneti nasikia tu-tu-tu-tu, kama kuku anayedonoa bati. Hiyo ni hewa inarudi kugonga mapanga ya tabo. Inaniuma hata kusikia.

Leo nimepata fundi mzee mmoja, mtulivu sana. Hakugusa spana. Aliufuata ule mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaoiendesha vali, kwa kidole, polepole, mpaka mwisho wake. Kumbe ulikuwa umechomekwa kabla ya throtoli, kile kilango cha hewa kinachofunga ukiachilia mafuta!

Akanieleza: pale presha haishuki ukiachilia mafuta. Inasukuma vali juu na chini sawasawa, basi haifunguki. Mpira unatakiwa utoke kwenye manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye injini), baada ya throtoli, ambako kunaingia vakyumu ya kuivuta vali.

Akakata mpira mpya, mfupi, wa vali peke yake, bila kugawana na geji. Klipu huku, klipu kule.

Nikaenda nalo barabara ya Njoro. Gia ya 3, nikaachilia.

Pssshhh.

Mara moja tu, safi. Nimesimama kando ya barabara kama dakika 5 nikitabasamu peke yangu.

Wenye tabo, mpira wenu umechomekwa wapi? Fungueni boneti mnitumie picha, tuangalie pamoja.